Gari la Baba Mkwe Limejaribiwa kwa Kuteremka Tu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili ya mavuno, kwa maana ikishapita siku hiyo sitakuwa na la kuomba tena isipokuwa pole.

Mimi ni kijana wa Gare, nalima karoti na kabichi, na mwishoni mwa mwaka, Mungu akipenda, nitafunga ndoa na Yusta, binti wa Mzee Kristofa wa Magamba, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu wa heshima kiasi kwamba sijawahi kumwona akipishana na mtu njiani bila kumjulia hali yeye, watoto wake na mifugo yake. Mzee huyu ana pikapu ya dizeli ambayo umri wake na wangu unakaribiana, na tangu aliposikia kwamba natafuta gari la bei nafuu la kushushia mboga zangu Mombo na kupandishia mbolea na saruji wakati wa kurudi, amekuwa akinitazama kwa upendo ambao sikuuzoea, hadi siku moja tukiwa tumeketi kwake baada ya chakula akaniambia, “Mwanangu, lile gari ni lako, bei tutaelewana. Angekuwa mtu wa nje ningemwambia aje na fundi wake alikague mpaka achoke. Wewe ni mtoto wa nyumbani, utakagua nini?” Nami, Mshauri, badala ya kujibu swali hilo, nikacheka na kusema, “Asante, Baba,” na hiyo asante ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu kila aliyekuwepo ameihesabu kuwa ni kukubali.

Jumamosi iliyofuata mzee akanipitia ili nilione gari likiwa barabarani, na kwa kuwa kwetu kijana anayeposa hamwondoi baba mkwe kwenye kiti chake, sikuthubutu kuomba usukani, nikakaa upande wa abiria na mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kubatizwa, tukateremka kutoka Magamba, tukapita Lushoto mjini, tukaifikia Soni, tukashuka kona zote hadi Mombo, na kusema kweli gari lilikwenda kama maji, mzee akinigeukia kila baada ya kona na kusema, “Unaona?” nami nikisema, “Naona, Baba.” Tulipofika Mombo yeye akaendelea na safari ya Korogwe kwenye msiba, mimi nikarudi na basi, na basi lile lilipoanza kuukabili mlima ndipo nilipotambua, nikiwa nimebanwa dirishani, kwamba gari ninalotaka kulinunua sijaliona likipanda.

Isipokuwa mahali pamoja. Kabla ya kufika Soni kuna sehemu barabara inainuka kidogo, na hapo tulikutana na Mama Janeth, jirani wa mzee, akiwa na kapu la matunda damu kichwani. Mzee alisimama palepale kwenye mwinuko, bila kuvuta handibreki, akalishikilia gari kwa klachi na mafuta, likawa haliendi mbele wala halirudi nyuma, injini inanguruma, wao wanasalimiana.

“Shikamoo, Mzee Kristofa!”

“Marahaba, mama. Habari za nyumbani?”

“Nzuri. Mguu wa Mama Yusta je?”

“Unaendelea vizuri. Yule ndama wenu ameanza kula?”

“Anakula mpaka kamba yake. Na huyu kijana ndiye yule?”

“Ndiye huyu.”

“Mbona mwembamba hivi?”

“Atanenepa, mama. Tunampa gari.”

Mshauri, mazungumzo hayo yalipofika kwenye paa la kanisa ambalo bado linavuja, harufu kali ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, na Mama Janeth akasema, “Mzee, gari lako linaungua!” Mzee akamjibu kwa utulivu, “Hapana, mama, hizo ni breki za lori lililopita sasa hivi.” Nikatazama mbele, nikatazama nyuma, lori sikuliona.

Niliporudi nilimweleza jirani yangu Ramadhani, dereva wa malori, naye kabla sijamaliza akasema, “Hiyo klachi imeshakufa, usilichukue gari hilo hata ukipewa bure,” kisha akanishauri nimwambie mzee kwamba nataka kuliazima kubebea maiti, kumbe nikalijaribu kwa siri. Mama yangu aliposikia akashika kichwa, akasema, “Ukimwambia mkweo gari lake lina kasoro, umemwambia na binti yake ana kasoro.” Nikaona nimweleze Yusta mwenyewe, nikitumaini atanihurumia, naye akacheka mpaka akakaa chini. “Baba haumi,” akasema. “Mwulize.” Nikamwambia si rahisi. Akaacha kucheka, akaniuliza, “Shukrani, kama gari tu linakushinda kumwuliza baba, siku mimi na wewe tukikosana utamtuma nani aje aniulize?” Tangu siku hiyo hajanipigia simu.

Sasa mzee ametangaza kwamba Jumapili ya mavuno, ibada ikiisha, atanikabidhi ufunguo mbele ya ndugu wote na mchungaji ataliombea gari, nami naogopa kwamba nikikaa kimya litanifia mlimani na saruji mgongoni, na kila litakapokufa nitamfikiria vibaya baba wa mke wangu, na nikisema nitaonekana nimemwita mwongo mbele ya watu wanaomsikiliza akisoma Neno. Je, kuna njia ya kuijua klachi bila kumwuliza mwenye gari, bila kuligusa gari lenyewe, na ikiwezekana bila yeye kuwepo?

Wako katika mashaka,
Shukrani, Gare.

MSHAURI ANAJIBU

Shukrani, marahaba.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo jepesi kuliko yote: hapana. Klachi haijulikani kwa kulitazama gari likiwa limeegeshwa, wala kwa kukaa karibu nalo ukiwa na mikono juu ya magoti. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali ambapo wewe mwenyewe ulilifanyia gari hili jambo lolote, nikaona kwamba ulilinusa. Umeandika kana kwamba tatizo lako ni moja. Ni mawili, moja la chuma na jingine la ulimi, na kwa kuwa umeyachanganya, kila mshauri uliyemwendea amejibu lile ambalo hukumwuliza.

Tuanze na chuma. Safari yako ya Mombo imethibitisha kwamba pikapu ya Mzee Kristofa inaweza kuteremka. Hata jiwe la Magamba linaweza. Kazi ya klachi ni kuzifikisha nguvu za injini kwenye magurudumu, na kwenye mteremko mlima wenyewe ndio unaoisaidia kazi hiyo, hivyo klachi iliyochakaa na klachi mpya zitashuka kona za Soni kwa ustadi uleule na wewe utasema “Naona, Baba” kwa zote mbili. Hukulijaribu gari. Ulisindikizwa nalo.

Sasa harufu. Ndani ya klachi kuna sahani inayobanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Ukiondoa mguu kabisa, sahani hubanwa na kuzunguka pamoja na injini. Ukikanyaga mpaka mwisho, huachana nayo. Mzee Kristofa, alipokuwa akiulizia ndama, hakufanya moja wala jingine: aliiacha sahani ikisuguana na chuma kwa muda wote wa salamu, na salamu za kwenu, kama ulivyozinakili kwa uaminifu, hazina haraka. Klachi yoyote ingenuka hapo, hata iliyotoka dukani asubuhi ileile. Kwa hiyo harufu ile haithibitishi kwamba klachi imekufa. Inathibitisha namna ilivyoishi. Jirani yako Ramadhani ametoa hukumu ya kunyonga kwa ushahidi wa harufu, tena harufu ambayo yeye mwenyewe hakuinusa. Usimfuate. Lakini usijifariji pia, kwa maana mzee anayewaheshimu watu wote wa njia ile kwa mtindo huo, mwaka baada ya mwaka, amekuwa akiwakaribisha kwa gharama ya klachi yake.

Kuhusu lile lori, nakubaliana nawe kwamba halikuwepo. Hata hivyo sikubali kwamba mzee alidanganya. Mtu aliyeendesha gari moja kwa miaka mingi huacha kuzisikia kelele zake na harufu zake, na akiulizwa ghafla hutoa sababu ya kwanza inayomjia. Kuna jambo jingine ambalo wewe, mkulima wa huko, ulipaswa kuliona kabla yangu. Magari ya milima yenu hushuka yamejaa mboga na kupanda matupu. Klachi dhaifu hujificha vizuri sana katika maisha ya namna hiyo, kwa sababu haidaiwi nguvu pale inapozikosa. Inawezekana kabisa kwamba Mzee Kristofa anaamini kwa moyo safi kuwa gari lake ni zima, na kwa matumizi yake ni zima kweli. Wewe unataka kulipandisha na saruji. Unanunua gari lilelile kwa maisha mengine, na swali hilo yeye hajawahi kuliuliza.

Basi namna ya kuliuliza ni hii. Kwanza acha injini ipate moto, na usishtushwe na mtikisiko wake ikiwa inanguruma bila kwenda. Dizeli ya zamani hutikisika kwa asili, na wanunuzi wengi wageni huilaumu klachi kwa tabia ya injini. Sikiliza ukiwa gia huru. Kama kuna mlio unaoanza unapokanyaga pedali ya klachi, beringi ya klachi imechoka. Kama mlio upo mguu ukiwa nje na unakoma unapokanyaga, tazama giaboksi, na hilo ni zito zaidi. Halafu kanyaga mpaka mwisho, subiri kidogo, ingiza gia ya kurudi nyuma. Ikikwaruza, klachi haiachii vizuri, na huenda ni pampu yake tu au mafuta yake yamepungua, jambo la gharama ndogo ambalo kwa ajili yake watu huwa wanashusha giaboksi bila sababu. Ondoka polepole mahali tambarare na uone ni wapi gari linashika. Likishika pale tu mguu unapokaribia kuiacha pedali, sahani inaweza kuwa imelika, ingawa kwa gari lenye waya wa klachi ni lazima kwanza fundi ahakikishe kwamba waya umerekebishwa sawasawa. Likiondoka kwa kurukaruka, mwambie fundi atazame kama kuna oili inayovuja kutoka nyuma ya injini, kwa maana oili ikifika kwenye sahani, hata sahani mpya itaharibika.

Lakini yote hayo ni dalili. Hukumu iko mlimani. Chukua barabara ya kutoka Lushoto kwenda Magamba, gari likiwa na mzigo, na utafute kipande kilichonyooka ambacho hakina watoto wa shule wala ng'ombe. Ukiwa gia ya tatu na mwendo wa taratibu, kanyaga mafuta kwa nguvu na usikilize. Hapa dizeli itakusaidia: ina nguvu nyingi hata injini ikizunguka polepole, hivyo huiumbua klachi mapema kuliko petroli. Klachi nzima itafanya sauti na mwendo viongezeke pamoja, bila haraka. Klachi iliyokwisha itafanya injini ipige kelele kama kikao cha harusi huku gari likibaki palepale. Ukiliona hilo mara moja, ondoa mguu. Usirudie ili kuwaonyesha watu, maana kila marudio yanammalizia mzee klachi ambayo bado ni yake.

Tuje kwenye ulimi. Mama yako, ambaye namheshimu, amekosea katika kulinganisha. Klachi ni kitu cha kulika, kama soli ya kiatu, na kumwambia mtu kwamba soli yake imekwisha si kusema neno lolote juu ya miguu yake, sembuse juu ya binti yake. Mzee naye amekosea, tena kwa upendo. Anasema mtu wa nje angekuja na fundi, lakini mtoto wa nyumbani hana haja. Lifikirie kwa makini, Shukrani. Mtu wa nje akiuziwa gari bovu hukasirika, huondoka, na mambo huishia hapo. Wewe ukiuziwa gari bovu utakaa mezani kwake kila Krismasi, utakula wali wake, utamwita Baba, na moyoni utakuwa unamwita jina jingine. Kati yenu wawili, wewe na yule mgeni, nani anahitaji fundi zaidi? Umechukua adabu, ambayo kazi yake ni kuwawezesha watu kuambiana mambo magumu bila kuumizana, ukaitumia kama sababu ya kutoambiana kitu. Hiyo si adabu. Ni woga uliovaa suti.

Ile hila ya kuliazima gari la kubebea maiti sitaijadili, isipokuwa kukuuliza maiti huyo angekuwa wa nani. Ukijaribu gari kwa siri ukakuta ni bovu, utasemaje umejua? Na ukikuta ni zima, utakuwa umemchunguza mtu mwaminifu kama mwizi. Katika njia zote mbili utaanza ndoa ukiwa na jambo la kumficha mkweo, na Yusta, ambaye kwa barua hii ndiye mtu pekee aliyekupa ushauri sahihi, atalijua kabla ya jioni.

Fanya hivi. Usingoje Jumapili, kwa sababu mbele ya ndugu wote na mchungaji, mzee hataweza kukubali kosa hata akitaka, na wewe hutaweza kulitaja. Maombi ni mema. Yafanywe juu ya gari lililokwisha kupimwa. Nenda Magamba siku mbili tatu kabla, mchana, ukiwa na fundi wa Lushoto unayemwamini, na umtambulishe kwa jina na kwa kazi yake, si kama rafiki aliyepita tu. Pakia mbolea unayojua mzee anaihitaji shambani kwake, ili mzigo wa kujaribia gari uwe kazi ya mkwe kwa baba mkwe wake, na umweleze waziwazi kwamba ni vyote viwili. Yeye akae upande wa abiria, wewe ushike usukani. Atataka usimame kumsalimia mtu, na itakuwa mlimani, nakuhakikishia. Simama. Vuta handibreki, weka gia huru, ondoa mguu kwenye klachi, halafu msalimieni huyo mtu mpaka mtosheke wote. Usimwambie mzee neno lolote kuhusu jambo hilo. Ataliona.

Fundi akikuta klachi imekwisha, usilikatae gari kwa sababu hiyo peke yake. Kazi kubwa ni kuishusha giaboksi, kwa hiyo ikishushwa zibadilishwe sahani, presha inayoibana sahani hiyo, na beringi kwa pamoja, na flaiwili itazamwe kama haijaungua. Mwombe fundi ataje gharama mbele yenu wote wawili, na iondolewe kwenye bei. Mzee Kristofa bila shaka amesimamia mauzo mengi ya ng'ombe; hesabu hiyo haitamshangaza. Fundi akikuta giaboksi nayo inalia, au oili inavuja kila mahali, hapo mwambie baba mkwe wako kwamba gari hili halikufai kwa kazi ya saruji, na kwamba unamshukuru. Kesho yake nenda ukapalilie shamba lake kama kawaida.

Na kabla ya yote hayo, mpigie simu Yusta. Usimweleze utakavyofanya, mwambie siku utakayofika.

Ukiingia kwa mzee, mwamkie kama inavyostahili, keti, kunywa chai. Usianze kuzungumzia mvua. Chai ikiisha sema, “Baba, naomba ufunguo. Nataka kulipandisha mwenyewe, likiwa na mzigo, na wewe ukiwa pembeni yangu.” Kisha nyamaza, na usicheke. Akikupa, umempata mkwe, hata kama klachi imekufa. Akikunyima, mshukuru, mwache na gari lake, umwoe binti yake.